Redio Mbili za Langoni

Genova, 9 Novemba 1961

Ndugu yangu Abdulhalim,

Asalaam alaikum wa rahmatullah. Mimi mzima, ila baridi ya huku inauma mpaka kwenye meno. Mama hajambo? Mguu wake je? Mwambie mwanawe amenenepa, Wataliano wakimwona ndiani wanampisha.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ati Bwanamkuu wa Kizingitini, kwa kuwa ana mali ya kamba wa baharini, amewachukua wachezaji wawili wa timu yetu ya Langoni kwa kuwapa nyavu mpya za kuvulia, na sasa anamtaka Ridhwani. Naye Ridhwani akienda timu imekufa, maana magoli ndiye yeye.

Umemuuliza mtu anayejua. Mpira wa nti hizi niulize mimi. Kuna klabu Milano, tajiri wake ni mtu wa mafuta. Kuna ya Turini, tajiri wake ana kiwanda cha magari. Hawaulizi mchezaji ametoka wapi, wanauliza bei gani. Msimu huu wamenunua mpaka Waingereza, kama unavyonunua mbuzi wa Idi: angalia meno, lipa, kokota. Madridi walikusanya mafundi wa kila nti, wakabeba Kombe la Ulaya miaka mitano mfululizo. Na mtu akishinda hupewa zawadi juu ya mshahara.

Sinia la wali la Mama la kila Ijumaa, wachezaji kumi na mmoja wakila mkono mmoja, ni jambo jema, lakini ni la kale. Nakuletea redio mbili za transista, atazichukua Abdulghafur wa Siyu, baharia mwenzangu. Mechi ya Idi na Kizingitini, atakayefunga apewe moja. Ridhwani haondoki, na Bwanamkuu atatafuta pa kuficha uso.

Kaka yako mkubwa,
Jeilani

Langoni, 20 Januari 1962

Kaka Jeilani,

Waalaikum salaam. Sote wazima, alhamdulillahi. Mguu wa Mama umepoa.

Redio zimefika. Nimezionyesha timu nzima, na Ridhwani amesema anabaki. Phineas, karani wa posta na golikipa wetu, ameuliza, "Na mimi Bwana, nitafunga na nini? Kwa stempu?" Tulicheka mpaka wali ukapoa.

Mama amesema ungenunua koti.

Abdulghafur ameniambia neno juu yako. Sitaliandika leo.

Mdogo wako,
Abdulhalim

Langoni, 13 Machi 1962

Kaka,

Idi njema imekukuta? Huku tuko wazima wa mwili.

Tumefungwa tatu bila. Kaka, sijaona mpira wa namna ile. Watu wetu walipokonyana wao kwa wao. Jezi ya Ridhwani ilichanwa na beki wetu wenyewe. Kipindi cha pili Ridhwani yuko pembeni, mwenzake yuko peke yake mbele ya goli anaita, "Nipe, nipe." Ridhwani akapiga mwenyewe, tukautafuta mpira kwenye mikoko. Goli la tatu Phineas hakuwepo langoni. Alikuwa katikati ya uwanja, naye anakwenda kufunga.

Ijumaa Mama aliweka sinia. Walikuja watano. Ridhwani yuko Kizingitini.

Sasa niandike lile neno. Abdulghafur anasema redio zile umezinunua kwa nauli yako ya kurudi. Anasema hujaingia uwanja wa mpira hata siku moja. Unaosha sufuria melini, na habari za Milano unazipata kwa redio ya mpishi. Sikulaumu. Lakini wa kwanza kununuliwa Langoni si Ridhwani. Wewe ulikuwa mfungaji wetu, ikaja meli ikakununua.

Mdogo wako,
Abdulhalim

Genova, 2 Aprili 1962

Abdulhalim,

Salamu zangu, na Mama umbusu mkono.

Ni kweli yote, isipokuwa sufuria. Naosha na sahani.

Mmoja katika wale Waingereza, waliyemlipia mali pale Milano, amerudi kwao hata msimu haukufika nusu. Nilimcheka sana. Sasa simcheki. Nimekaa nikawaza: redioni hutajwa aliyefunga. Aliyempa mpira hatajwi. Mimi nikadhani hayupo.

Redio moja mpe Phineas. Ya pili iweke kwa Mama, wasikilize wote. Na unijibu swali moja tu: kwenye sinia, pale upande wa ukutani nilipokuwa nikikaa, nani anakaa?

Kaka yako,
Jeilani

Langoni, 4 Mei 1962

Kaka Jeilani,

Tu wazima, na Mama anatembea mpaka kisimani.

Redio hatunazo. Phineas alikataa yake, akasema, "Hizi zina mwenyewe." Tukazipeleka kwa Bwanamkuu. Unamjua, hawezi kuona kitu asikinunue. Alizilipa zote mbili bila kupatana. Bado fedha hazikutimia nauli yako. Ridhwani alikuwa amesimama hapo, akaingia ndani akatoka na iliyobaki. Ijumaa iliyofuata alivuka maji, akaja kula.

Hawala ya posta ya nauli yako imo humu. Phineas ameiandika kwa mkono wake, na amesema nikuandikie hivi: katika historia ya Langoni huyu ndiye mchezaji wa kwanza tuliyemnunua, ni mzee, ana tumbo, na meno hatukuyaangalia.

Upande wa ukutani hakai mtu. Mama hakubali. Ukifika, habari zako za Milano zingoje, tule kwanza.

Mdogo wako,
Abdulhalim