Gari la Mzee Eliakimu Lilipoacha Kugonga

Mama Tumaini, mke wangu,

Nakusalimu kutoka huku milimani juu ya Usa River, kwenye baridi ya Meru. Mimi ni mzima, mikono miwili na miguu miwili, na ukisoma mbele utaelewa kwa nini nimeihesabu. Ninyi huko Mbinga mnaendeleaje? Kifua cha Tumaini kimetulia? Mama naye mgongo umepata nafuu, au bado anang'ang'ania jembe? Huku mvua imeanza, matope yanafika kwenye kifundo cha mguu, na lile koti ulilosema halinipendezi ndilo ninaloshinda nalo.

Uliniuliza kwenye simu kama mkija Desemba nitawapokea stendi kwa gari la mzee niwapandishe huku. Nikajibu "tutaona", ukanuna. Najua ulichofikiria. Sina mwanamke, mke wangu. Nina woga. Nilishindwa kukwambia kwa sababu mzee mwenyewe alikuwa amekaa pembeni yangu anakunywa chai, ndiyo maana nimeamua kuandika.

Mzee Eliakimu, bosi wangu, ni mtu wa kahawa na ndizi na ni mzee wa kanisa. Gari lake ni kuukuu kuliko ndoa yetu. Kila asubuhi nateremsha akina mama na mikungu yao hadi sokoni Usa River, jioni nawarudisha. Wana desturi yao hapa: kiti cha mbele ni cha mama anayenyonyesha. Hata mzee mwenyewe akikuta mwenye kichanga, anahamia nyuma kwenye ndizi bila kuambiwa. Kwa hiyo ukija na Tumaini mgongoni, utakaa hapo.

Basi, mwezi uliopita gari lilianza kulia gurudumu la mbele kushoto. Nikikata kona linafanya ta-ta-ta-ta. Nikiingia kwenye shimo linagonga, ko! Nikalipeleka mjini, Sombetini, kwa fundi anaitwa Rama. Akaniambia nizunguke uwanjani huku nimekata usukani wote, yeye akawa anakimbia pembeni ameinama, sikio karibu na tairi, watu wanamcheka. Akasema ile ta-ta-ta ni sivijointi, kile kiungo kinachozungusha gurudumu. Mpira wake ulikuwa umepasuka, grisi imetoka, matope yameingia. Akabadilisha, ta-ta-ta ikaisha. Lakini ko! ikabaki.

"Hiyo sasa ni boljointi," akasema. "Hii ndiyo inashikilia mguu wa gari, kaka. Ikichomoka, gurudumu linalala. Inatakiwa mpya."

Siku hiyo mpya haikupatikana madukani. Na Jumapili ilikuwa kipaimara cha mjukuu wa mzee. Nikampigia mzee simu, akaomba aongee na fundi.

"Fundi, mimi sitaki historia," nikamsikia. "Niondolee kelele tu. Jumapili nabeba wageni, linigongee kama debe mbele ya mchungaji?"

Hivyo ndivyo watu wa huku wanavyomwagiza fundi. Hawasemi nitengenezee, wanasema niondolee kelele. Rama akatikisa kichwa, kisha akafanya alichoagizwa. Akakata kipande cha tairi la zamani, akakishindilia kwenye ile boljointi, akaizungushia mpira wa tyubu akakaza. Akaniambia hiyo ni ya kuvukia Jumapili tu, Jumatatu nirudi. Jumatatu mzee akaniuliza, "Urudi kufanya nini? Mbona halilii?"

Nami sikuridhika, mke wangu. Nikapiga jeki, nikalishika gurudumu juu na chini, nikalitikisa kama Rama alivyonionyesha. Halikucheza hata kidogo, kwa sababu ule mpira ulikuwa umelibana. Nikafurahi. Nikaimba njia nzima. Kila nikikumbuka nilivyoimba, nywele zinanisimama.

Alhamisi nikawa nateremka na akina mama. Mbele alikaa Mama Anaeli, jirani wa mzee, amempakata mtoto wake ananyonya. Tulipofika ile kona iliyo juu ya korongo, ng'ombe wa watu walikuwa wanavuka, nikapunguza mwendo mpaka karibu kusimama. Hapakuwa na mlio wowote. Usukani ulilegea tu mkononi, halafu upande wa kushoto ukaanguka chini. Gurudumu lilikuwa limelala kwa nje kama mguu ulioteguka, shafti imechomoka, oili inamwagika barabarani. Wale ng'ombe wasingekuwepo, ningekuwa gia ya tatu.

Nilishindwa kufungua mlango. Mama Anaeli akashuka, akaliangalia gurudumu, akacheka.

"Dereva, mbona umepauka hivyo? Shuka bwana, tumepona!"

Nikashuka, nikaenda nyuma ya migomba nikatapika. Hilo nakwambia wewe peke yako.

Sasa limetengenezwa kweli. Rama alipanda huku mwenyewe na mkono mzima mpya, kile chuma kinachoshika gurudumu, pamoja na boljointi yake, akafunga, akakunja pini, kisha akaingiza nondo na kuusukasuka mbele ya macho ya mzee. Haukucheza. Tukaenda mjini, magurudumu yakapimwa na kunyooshwa. Linakwenda vizuri kabisa, halivuti kushoto wala kulia.

Na mimi naogopa kuliko mwanzo. Zamani likigonga nilijua ubaya uko wapi. Sasa limenyamaza, na siku ile pia lilikuwa limenyamaza. Kila asubuhi nalala chini yake na tochi, naangalia mipira, nagusa kila nati. Mzee ananitania kwamba nimeoa gari. Nacheka naye, lakini jasho linanitoka hata kwenye baridi hii.

Kesho yake baada ya gari kurudi, Mama Anaeli alikuja na mtoto, akafungua mlango wa mbele kama kawaida. Nikamwomba akae nyuma.

"Kwa nini?" akaniuliza. "Si wewe unaendesha? Mimi nakuamini."

Nilitaka kulia pale pale. Hata siku ile alikuwa ananiamini.

Mpe Mama shikamoo yangu, na umwambie jembe halitakimbia. Msalimie shemeji fundi cherehani na mkewe, na Baba Mdogo aliyetulindia shamba. Tumaini mbusu kwenye lile shavu lenye kidoti.

Na ninyi mje, nimewakumbuka mno. Nitakuwa stendi na gari. Ila nakuomba kitu kimoja: usipande kwa sababu tu dereva ni mume wako. Simama kwanza nje na mtoto mgongoni, uniulize kama asubuhi hiyo nimelala chini ya gari nikaangalia. Nikichelewa kujibu, usipande.

Ni mimi mumeo, ninayekuogopea,
Baba Tumaini