Saa ya Mama na Shingo ya Kaka

Tarehe 3 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Natumaini hujambo, watoto wako hawajambo, na lile jiko la shule halijakuunguza. Mimi sijambo, isipokuwa shingo.

Najua uliapa hutaki kusikia sauti yangu tena maisha yako yote. Barua haina sauti, kwa hiyo usiichane. Miaka mitatu ya kununiana ni mingi, na huenda mimi sina mingine mitatu.

Pananivimba upande wa kulia, chini ya taya. Mimi ni fundi cherehani, sibahatishi vipimo: asubuhi tepu inasema sentimita thelathini na nane, mchana arobaini na moja, jioni imerudi thelathini na nane kama si yenyewe. Kifungo cha kola kimeshamrukia mteja mara mbili. Jirani yangu muuza nyama anasema ni matubwitubwi, na mimi nina miaka hamsini na minne! Kinyozi anasema ni rovu. Wifi yako anasema ni ubishi umekosa pa kutokea.

Hospitali nimekwenda mara tatu, asubuhi na mapema, bila kutia kitu kinywani, kama Mama alivyotufundisha. Daktari ananipapasa, ananimezesha maji, anasema shingo yangu ni nzuri, niende nyumbani. Nikishafika nyumbani, mchana, hiyo hapo!

Naogopa, mdogo wangu. Nakuambia wewe kwa sababu mbele ya wifi yako najifanya simba.

Kaka yako


Tarehe 11 Machi

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima, watoto wanakusalimu. Barua yako niliichana kwanza, kisha nikaiunganisha kwa gundi ya shule, ndiyo maana jibu limechelewa.

Sijakusamehe. Wiki ile ile tuliyomzika Mama, mimi nipo uani naosha masufuria, wewe ukaishusha saa yake ukutani ukaondoka nayo. Niliingia ndani nikakuta msumari. Mama aliniahidi ile saa mimi, na wewe ukasema hujawahi kusikia ahadi hiyo.

Lakini shingo ni shingo. Fanya hivi: kwa wiki nzima, kila ikivimba, andika ni saa ngapi. Usitie chumvi. Hapa shuleni mtoto akiumwa tumbo tunaandika saa, na mara nyingi tunakuta ni saa ya hesabu.

Na upunguze woga. Wewe uliwahi kuaga majirani wote kwa sababu ya kung'olewa jino.

Mdogo wako


Tarehe 22 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba. Natumaini umeketi, kwa sababu jambo ninalokuandikia mimi mwenyewe limeninyima usingizi.

Nimeandika kama ulivyoagiza. Jumatatu, saa saba mchana. Jumanne, saa saba na dakika tano. Jumatano, saa saba. Alhamisi nilikuwa na suti ya bwana harusi mikononi, nikasahau kabisa habari za shingo, na bado: saa saba. Kila siku inavimba muda mfupi baada ya saa ya Mama kugonga saa saba.

Unaona? Inagonga, navimba. Niliichukua bila haki, na Mama hakuwa mtu wa kuacha kitu kipite. Unakumbuka alivyokuwa akitutazama bila kusema neno mpaka mtu anakiri mwenyewe? Sasa ananitazama kupitia ile saa.

Basi nimenyanyua mikono. Nimeifunga kwenye blanketi, blanketi nikalitia kwenye sanduku, sanduku nimempa dereva wa basi, mtu mzima anayeendesha taratibu. Itakufikia Ijumaa. Mwambie Mama nimeirudisha. Wewe alikuwa anakusikiliza zaidi.

Kaka yako mkosaji


Tarehe 2 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Hali zetu njema. Saa imefika haina hata mkwaruzo. Nimeipangusa, nimeitundika sebuleni, na sitakuficha, nilikaa chini yake nikalia mpaka wanangu wakaniletea maji.

Sasa, ufunguo wake uko wapi? Nimekung'uta blanketi, nimepekua sanduku, nimemhoji dereva mpaka akakasirika. Saa bila ufunguo ni pambo. Hapa kwangu ni saa tisa na robo tangu Ijumaa.

Na shingo je? Sema ukweli.

Mdogo wako


Tarehe 9 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole kwa kulia. Mimi nakuandikia nikiwa sina hamu ya kitu.

Saa haipo, ukutani pana msumari mtupu kama ule niliokuachia wewe, na shingo inavimba vile vile. Leo nimekaa mezani nasikiliza: kimya, hakuna kilichogonga. Nikajisemea, nimepona. Nikaikamulia supu yangu ndimu kama kila mchana, nikanywa, hata kijiko cha tatu sijafika, taya likaanza kubana na shingo ikapanda. Wifi yako aliacha kucheka. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu yeye hucheka hata kwenye radi.

Maji yamenifika shingoni, na shingo yenyewe ndiyo hiyo. Nimeshaandika mambo yangu kwenye daftari la vipimo. Cherehani ni ya wifi yako. Mkasi mkubwa ni wako. Muuza nyama asipewe kitu.

Sili tena ila hicho chakula cha mchana, na chenyewe nakula kwa sababu wifi yako amesimama mlangoni. Asubuhi chai kavu, jioni uji mwepesi. Siku ambazo hata mchana sikula kabisa, huwa napata nafuu kidogo.

Kaka yako


Tarehe 14 Aprili

Kaka,

Shikamoo, na soma hii ukiwa umesimama.

UNAKULA! Saa saba unakula! Mimi nimepakulia watu chakula miaka ishirini na moja, najua saa saba ni saa ya nini, na bado nimesoma barua zako tatu nisione. Si saa ya Mama. Ni ndimu yako na kijiko chako. Tangu utoto ulikuwa unaramba ndimu mpaka unafumba jicho moja.

Na hospitali unakwenda na njaa! Daktari atauona wapi uvimbe unaokuja na chakula? Usiende tena na tumbo tupu. Nenda na ndimu mfukoni, uile mbele yake. Mama alitufundisha mengi mazuri, hilo alikosea.

Ufunguo hujasema.

Mdogo wako


Tarehe 8 Mei

Kaka,

Shikamoo. Wiki tatu hujaandika. Kila basi linalosimama naenda kumtazama dereva, naye anatikisa kichwa kabla sijauliza.

Kama umekuta jambo baya, niambie. Saa nitakurudishia, sitaki ubishi tena wala mkasi. Nataka kaka yangu. Miaka mitatu nilikununia nikidhani upo tu, nitakukuta siku nikitaka.

Tafadhali andika, hata neno moja.

Mdogo wako


Tarehe 12 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba, marahaba. Nipo, mzima, na shingo ni thelathini na nane asubuhi, mchana na jioni.

Nilimwambia daktari, leo nimekuja na shahidi. Nikatoa ndimu nikaiuma. Alidhani nimerukwa na akili. Kabla sijamaliza kukunja uso, shingo ikaanza kupanda. Daktari akasimama, akamwita mwenzake, mwenzake akawaita wauguzi, nikamaliza ndimu mbili mbele ya kadamnasi. Nilikuwa na tepu yangu: arobaini na moja na nusu! Sijawahi kufurahia kipimo kama kile.

Kumbe ni jiwe, dogo kama punje ya mchele, limeziba njia ya mate chini ya ulimi. Nikila, mate yanakosa pa kutokea, tezi inavimba. Walinipa siku ya kurudi, na niliporudi wakanitia ganzi, wakapasua kidogo, wakalitoa. Ninalo kwenye kiberiti. Muuza nyama analiomba kila siku alitazame tena.

Utauliza kwa nini nilinyamaza. Ulimi ulikuwa unauma, ingawa wifi yako anasema barua haiandikwi kwa ulimi. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nikishapona, utaniandikia nini?

Ndiyo maana na ufunguo. Haukupotea, uko kwenye kopo la vifungo. Siku ile nilipofunga saa kwenye blanketi niliutia mfukoni makusudi. Nilijua utaniuliza.

Na Mama alikuahidi ile saa. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu. Ni yako, ibaki hapo hapo kwako.

Lakini ile saa inataka kutiwa ufunguo kila Jumapili, na ufunguo utakaa kwangu. Kwa hiyo Jumapili hii, na zote zitakazofuata, ongeza sahani moja. Nitafika kabla ya saa saba. Ndimu nitakuja nayo mwenyewe.

Kaka yako