Dawa ya Mbuzi

Kitengela, Jumapili

Yeyo, mama wa Sironka wangu,

Supa? Sisi huku tuko salama. Mvua imenyesha na sukuma zako zimeshika. Mtoto wa wifi yangu Soipan, uliyeenda kumsaidia huko Ewuaso Kedong, ananyonya vizuri? Mwambie mamake asikuchoshe.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu, nikisikia sauti yako, nitadanganya tena. Nilikuambia paka wako, Simba, alishikwa na homa. Haikuwa homa. Alikuwa na kupe, na mimi nilikuwa nangojea akina mama wa kanisa. Sikutaka wamwone hivyo kwenye kochi. Nikachukua ile dawa tunayopulizia mbuzi, nikampulizia. Kabla wageni wamalize chai alikuwa anatetemeka, mate yakimtoka.

Daktari wa mifugo alimwokoa. Akaniambia, "Mama, mbuzi hajioshi kwa ulimi. Paka hujilamba mwili wote."

Sumu iliisha, lakini chakula alikataa kabisa. Nyama, maziwa, hata omena, anageuza uso. Daktari akasema nisimlazimishe. Nipashe supu ya samaki iwe vuguvugu, ndio aisikie harufu, nimpe kidogo kidogo. Leo asubuhi ameilamba kwenye kidole changu, halafu akalala mapajani mwangu kama mtu ambaye hajakosewa. Nililia, Yeyo.

Ule mkebe wa dawa uko na picha ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Paka hayuko. Niliiona kabla sijapuliza.

Mkaza mwanao,
Elizabeth