Waya Nilioukata Ukumbini

Jumamosi, 10 Februari 2018. Coventry. Manyunyu tangu alfajiri, na baridi ya kuingia kwenye viungo. Ni miaka kumi na saba na wiki mbili tangu nitoke Pemba.

Leo nimeuona uso wa dada yangu Zuwena. Nilidhani nitaiandika sentensi hiyo kwa furaha.

Niandike kwa mpangilio, maana sehemu ya mambo haya nimeificha muda mrefu, na nikianzia katikati nitajipendelea.

Zuwena ana miaka sabini na minne, mimi sabini. Mwezi wa Oktoba alipata kiharusi. Upande wa kulia umelala, na maneno yake yanatoka nusunusu. Kwenye simu ya kawaida nilikuwa nasikia pumzi na sauti tu, kama mtu anayesema huku amejifunika kanga mdomoni. Mwanawe wa mwisho, Raya, mwalimu wa skuli pale Mtambile, hukaa kitandani karibu naye na kunifasiria. Anakusalimu, mjomba. Anauliza umekula. Siku moja nikamwuliza Raya amejuaje kwamba hayo ndiyo aliyoyasema mama yake. Akasema:

"Namwangalia usoni, mjomba."

Basi na mimi nikataka kumwangalia usoni.

Nyumba yetu, aliyoijenga marehemu baba, ni ya mawe na chokaa, ndefu, imetazama barabara. Intaneti ya kupigia simu ya video inashika vyumba vya mbele tu, nyuma ni sauti peke yake. Zuwena analala chumba cha nyuma kabisa, na kuta ni nene mno. Ruta, kile kisanduku cha kugawa intaneti, ikikaa mbele, nyuma hakifiki kitu. Kumbeba kumzungusha nje mpaka mbele haikuwezekana. Kila wakimgeuza analia, na mwenyewe hataki kupitishwa barabarani akiwa vile, watu wanamtazama.

Mimi nilikuwa mwalimu wa sayansi, na jioni nikitandaza nyaya za umeme majumbani mwa watu. Nyaya za nyumba ile nilizitandaza kwa mikono yangu. Kwa hiyo nilipoona dukani hapa vile vijisanduku viwili vya kuchomeka kwenye soketi, niliona nimepata dawa. Kimoja unakichomeka karibu na ruta; kinautia mtandao ndani ya nyaya za umeme za nyumba. Cha pili unakichomeka chumba kingine, kinaupokea. Hupitishi waya mpya wala hutoboi ukuta. Nilimpa mtu aliyekuwa akienda nyumbani, na Raya akavipokea mwezi uliopita.

Ruta aliiweka dirishani, katika chumba cha mbele. Vyumba vya mbele ni vya Hamadi, ndugu yetu wa mwisho. Raya alimwomba ruhusa, na Hamadi hakuuliza ni ya nini.

Vile vijisanduku vina taa tatu. Ya tatu ikiwaka, viwili vimeonana. Haikuwaka. Nikamwambia Raya abadilishe soketi. Nikamwambia asitumie waya wa nyongeza, achomeke ukutani moja kwa moja. Nikamwambia azime friji, huenda inaingilia. Wiki nzima nilimkimbiza yule mwanamke, mwenye madaftari ya wanafunzi ya kusahihisha na mama wa kumlisha, kutoka soketi hii kwenda ile. Yeye akiniambia kwa upole, bado mjomba, nijaribu wapi tena?

Nilijua kwa nini haikuwaka. Nilijua tangu nilipokuwa dukani.

Mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, Hamadi alikuwa upande wa chama kilichoshika serikali. Mimi na Zuwena tulikuwa upinzani. Waliokuwa kisiwani siku zile wanakumbuka tulivyosusiana: mtu hanunui dukani kwa mwenziwe, haendi harusini kwake, wengine hata kuzikana hawakuzikana. Sisi tulikuwa tunakula ukumbi mmoja. Tukagawana nyumba, yeye mbele, sisi nyuma, na mlango wa kati ukazibwa kwa matofali. Ndilo jambo pekee tulilokubaliana mwaka ule.

Mimi nilikuwa nimeomba mita ya pili ya umeme kwa upande wetu. Siku ilipofungwa nilipanda ngazi kabla mlango haujazibwa, nikaukata waya mkuu wa ukumbini kwa koleo, nikakifukia kisanduku cha maungio kwa plasta na kupaka chokaa juu. Nilisema umeme wa mtu yule hautaingia chumbani kwangu. Taa ya ukumbi wa Hamadi ilikuwa ikipata umeme kupitia maungio yale yale. Nilijua itakufa, na nilifurahi.

Nilikuwa na miaka arobaini na saba. Sikuwa mtoto.

Vijisanduku vile huzungumza ndani ya mtandao mmoja wa nyaya. Baina ya mita mbili haviruki, na vikiruka ni kwa bahati. Hiyo bahati ndiyo niliyoitegemea. Ningeweza kumwambia Raya anunue waya mrefu auzungushe nje ya nyumba. Sikumwambia. Nilitaka kupita ndani ya nyumba ya ndugu yangu bila ya yeye kujua kama nimepita.

Jumanne Raya alinieleza kuwa Zuwena hamezi tena vizuri, uji anapewa kwa kijiko cha chai. Jumatano nikampigia Hamadi. Namba alinipa Raya. Sikuwahi kuwa nayo.

"Nani?" akauliza.

"Suudi."

"Suudi yupi?"

Alinijua. Sauti yangu haijabadilika kiasi hicho. Nikamwambia mimi ni kaka yako. Akasema, kama anayemweleza mgeni njia, kwamba kaka yake alimpoteza mwaka wa kura, na hajasikia kama kaonekana.

Nikalisema lile la waya. Nikalisema lote, mpaka ile furaha yangu ya taa kuzimika. Redio ilikuwa ikisema nyuma yake.

"Kwani miye sijui?" akasema. "Taa imekufa saa ile ile weye unateremka ngazini. Nikamwambia mke wangu, kaka kaanza."

Nikamwuliza mbona hakuita fundi.

"Fundi wa Mtambile si weye?"

Akaniambia ukumbi wao wanapita na tochi mpaka leo. Wajukuu wamezaliwa wakadhani ukumbi wowote ni wa kiza. Angemwita fundi mwengine, fundi huyo angemwuliza, "Kaka yako yuko wapi hata niitwe mimi?" na Hamadi hakutaka kulijibu swali hilo mbele ya mtu. Miaka ishirini na tatu anakwenda kuoga na tochi kwa sababu hatusemeshani.

Nikamwomba radhi. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu asubuhi, hata aya nilikuwa nimeitafuta. Yakatoka mawili matatu tu, mabovu. Hakusema amenisamehe wala hakusema hakunisamehe. Aliuliza kitu kimoja, kama ni dada anayetaka kuniona. Nikasema hapana, ni mimi ninayetaka kumwona yeye.

"Basi sema. Ukutani wapi?"

Juu ya mlango uliozibwa, nikamwambia, shibiri mbili upande wa kibla. Tindua plasta taratibu, kisanduku ni cha chuma. Waya uliokatwa upo, sikuung'oa. Ataunga upande wake na ule unaokwenda kwenye soketi ya kitandani kwa Zuwena, na soketi ile aitoe kabisa kwenye mita yetu. Nikamkumbusha azime swichi kuu kwanza.

"Nilidhani ungeisahau hiyo," akasema.

Jana, baada ya sala ya Ijumaa, akafanya. Sikuwapo hata kwenye simu. Nimehadithiwa na Raya. Alitindua upande wake, akaupata waya mahali nilipomwambia. Lakini soketi iko ndani kwa Zuwena, kwa hiyo ilimbidi atoke mlango wa mbele, azunguke uwanjani, aje mlango wa nyuma na koleo mkononi. Hajapita mlango ule tangu mwaka wa uchaguzi. Hata dada alipougua hakuingia. Kila asubuhi alikuwa akimsimamisha Raya njiani na kumwuliza kalalaje, kisha anakwenda zake.

Akapiga hodi. Zuwena hawezi kuitikia. Akapiga tena. Raya alikuwa ndani, angeweza kumkaribisha, ila aliona si haki yake kusema. Mara ya tatu Zuwena aliinua mkono wa kushoto, ule mzima, akaushusha juu ya ubao wa kitanda. Ulilia kidogo tu. Hamadi akaingia, akaifungua soketi bila ya kumtazama mtu, na alipomaliza akakaa chini sakafuni, pale pale chini ya soketi, mpaka adhana ya alasiri.

Taa ya tatu ikawaka. Na ukumbini kwa Hamadi pia, Raya anasema, wajukuu wakakusanyika kutazama balbu.

Leo saa nne asubuhi huku, saa saba kwao, nikamwona.

Mdomo umeshuka upande mmoja. Nywele zimekuwa nyeupe zote, na mimi kichwani mwangu bado alikuwa na nywele nyeusi alizozipaka hina pembeni. Amekuwa mdogo. Raya alikuwa amemvisha kanga mpya na kumtia wanja, kama anayepelekwa harusini. Alinitazama muda mrefu, akinikagua kama alivyokuwa akinikagua masikio utotoni nikienda chuo cha Kurani. Nikamsalimu. Nikamsikia akiitika, na kweli, nikimtazama usoni nilimfahamu. Raya hakufasiri hata neno moja.

Nyuma yake niliiona kanzu ya mtu amesimama. Hakuinama kwenye simu, nami sikumwita.

Zuwena akasema neno. La kwanza sikulipata, akalirudia.

"Lini?"

Nikasema inshallah. Nikasema mvua za masika zikipita. Nikasema na nauli zikishuka kidogo, na daktari akiniruhusu goti hili. Alikuwa akinitazama kila ninapoitoa sababu, na ile nusu ya uso iliyo hai ikatulia, haikutabasamu wala haikukunjamana. Kisha macho yakachoka na Raya akasema tutazungumza Jumamosi nyingine, mjomba.

Nimekaa hapa mezani tangu hapo.

Miaka ya mwanzo nilisema siwezi kurudi kwa sababu ya askari waliokuwa wakinitafuta baada ya maandamano ya Januari 2001. Walipoacha kunitafuta nikasema karatasi zangu za ukaazi bado. Karatasi zikapatikana, nikasema Hamadi. Ningelalaje nyumba moja na Hamadi? Sasa Hamadi kaingia chumbani kwa dada yake na kukaa sakafuni, na sina wa kumsingizia.

Kuna jambo sijamwambia Zuwena wala Raya. Mwaka juzi nilipomzika mke wangu Rukia katika makaburi ya Waislamu ya mji huu, niliomba nipewe na nafasi iliyo ubavuni mwake. Nikapewa. Jina langu limeandikwa kwenye daftari lao. Nilifanya hivyo siku ile ile, bila ya kushauriana na mtu, na nilipotoka pale nilihisi nafuu, nikaionea aibu nafuu ile. Nimekaa naye ugenini kipindi chote hiki. Siwezi kumwacha peke yake katika udongo huu wa baridi. Na hata ningeweza, sitaki. Hilo ndilo gumu kuliandika. Sitaki.

Nilikuwa nikimdanganya dada kwa simu miaka yote hii, na ilikuwa rahisi, kwa sababu hatuonani. Leo nimemdanganya huku ananitazama, na nadhani alijua. Alikwishanijua kabla sijajijua mwenyewe.

Jumamosi ijayo, akijaaliwa kuwepo, ataniuliza tena. Nitamwomba Raya atoke kidogo, nami nimwambie kama ilivyo, pamoja na kaburi.

Sirudi, dada. Sitarudi Pemba.