Nafundisha Kifaransa, Lakini Jirani Anayekiongea Ninamkimbia

Mpendwa Shangazi, naomba msaada wako, na nakusihi ukinisoma usicheke, au ukishindwa kujizuia basi ucheke kidogo halafu unijibu, maana maji yamenifika shingoni na siku ya wazazi inakaribia.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa shule ya sekondari, darasa langu liko mwisho kabisa wa korido, karibu na stoo ya madawati mabovu, nina wanafunzi zaidi ya arobaini na vitabu wanagawana wanne wanne, na miaka yote niliyofundisha sijawahi kulalamikiwa kwa sababu watoto wangu wanafaulu mtihani wa kuandika, vitenzi wanavijua, hata ukiwaamsha usingizini watakutajia, shida ni kwamba hawaongei, Shangazi, hawaongei kabisa, ukimwambia mtoto afungue mdomo anatazama dari kama vile jibu limebandikwa kule juu.

Sasa muhula huu mkuu wetu wa shule, mama mmoja mpole mwenye sauti ndogo ambayo tunaiogopa kuliko kelele, ameniita ofisini akaniambia kuna mpango wa kukiondoa Kifaransa kwenye ratiba kwa sababu wazazi wanauliza kina faida gani, akasema, "Mwalimu, siku ya wazazi nataka wawasikie watoto wakizungumza. Wakiridhika, somo linabaki. Wasiporidhika, mimi sitakuwa na la kukutetea." Nikamjibu hakuna shida, mkuu, watazungumza, nikatoka pale sijui nitaanzia wapi.

Basi nikafanya lile tunalolifanya walimu tukibanwa, nikawapanga. Kila kiti nikakipa swali lake, yaani anayekaa kiti cha kwanza dirishani anaulizwa jina, wa pili anaulizwa anaishi wapi, wa tatu ana ndugu wangapi, wa nne anaamka saa ngapi, tunakwenda hivyo mpaka mlangoni, na kila mtoto amekariri jibu lake moja tu, akasema kwa sauti, akakaa, nami natembea na fimbo ya ubao nikiwaelekezea, na kwa kweli ilipendeza, mkuu alipita akasikiliza mlangoni akatikisa kichwa kwa kuridhika nikasema ahsante Mungu, nimepona.

Juzi wa kiti cha kwanza akaugua hakuja. Shuleni kwetu ni sheria, mwenzenu asipokuja mnasogea mbele mzibe nafasi, basi wakasogea wote, nami sikuwa na habari, nikaanza mazoezi. Nikauliza kwa Kifaransa, "Unaitwa nani?" Mtoto akasimama kifua mbele akajibu kwamba anaishi karibu na kituo cha mabasi. Nikamwuliza anayefuata, "Unaishi wapi?" Binti mmoja mkimya akasimama akasema, "Nina kaka wawili na paka mmoja." Nikamwuliza wa baada yake ana ndugu wangapi, akasema saa kumi na mbili asubuhi. Na Shangazi, darasa zima halikucheka, hakuna hata mmoja aliyecheka, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyeelewa kwamba kuna kichekesho, nilikuwa najua peke yangu na mimi sikuweza kucheka.

Kengele ilipolia yule binti wa paka akabaki, akaniambia, "Mwalimu, mimi sina kaka. Na sina paka. Nina dada mmoja, yuko hospitali anasomea uuguzi. Nikitaka kumtaja yeye, nasemaje?" Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Mwanangu, usibadilishe, utatuvurugia mstari." Akasema sawa mwalimu, akachukua mkoba wake akaenda zake, na tangu siku hiyo chakula hakinipandi.

Lakini hilo nalo lina mzizi wake, na hapa ndipo ninapoona aibu. Ghorofa ya juu yetu amehamia mama mmoja anayezungumza Kifaransa tangu kuzaliwa, lugha yetu anaijua ya salamu tu, na mlinzi wetu wa getini, kwa furaha zake, amemwambia chini yako kuna mwalimu wa Kifaransa, nenda kamgongee. Shangazi, mimi sijawahi kuongea Kifaransa na mtu anayekijua. Sijawahi. Nilikisoma kwenye vitabu, nikakifanyia mtihani, nikaanza kukifundisha, na nikifikiria yule mama ananijibu harakaharaka nami nimetoa macho, natafuta pa kujificha. Nikimsikia anashuka ngazi nasubiri ndani apite. Alikuja kugonga jioni moja, nikazima televisheni tukanyamaza kimya mimi na binti yangu tukiwa tumekaa kwenye kochi, akagonga tena, akaondoka, na binti yangu akaniuliza kwa kunong'ona, "Mama, kwani si ndiyo lugha unayofundisha?"

Mume wangu anasema ninajisumbua bure. "Hao wazazi wenyewe wanajua Kifaransa? Wapange watoto, watu wapige makofi, maisha yaendelee." Labda yuko sahihi. Niambie, Shangazi, niendelee na mstari wangu ili niliokoe somo, au niende kwa mkuu nikakiri kwamba darasa langu haliwezi kuongea na mwalimu wao pia haongei? Na kama kuna njia nyingine, ni ipi, maana sina projekta, sina maabara ya lugha, nina chaki na watoto arobaini na kitu.

Ni mimi, Mwalimu wa Chumba cha Mwisho.

SHANGAZI ANAJIBU

Mwalimu wangu, pole. Pole sana. Uliniomba nicheke kidogo na nimeshindwa, yule wa saa kumi na mbili asubuhi amenimaliza. Lakini nilipofika kwa binti wa paka kicheko kilinikauka. Kabla ya kukaa kwenye safu hii nimefundisha lugha ya kigeni miaka mingi, kwa hiyo leo hujaandikia shangazi tu, umeandikia mtu wa chaki mwenzako.

Kwanza nikutoe hofu. Wewe si mwalimu mbaya. Mwalimu mbaya angelala usingizi wake vizuri. Wewe umewafundisha watoto jinsi ulivyofundishwa, na nina hakika kwamba hata wewe ulikaa kwenye kiti ukisubiri swali lako lifike. Hukupewa nafasi ya kukosea mbele ya mtu, ndiyo maana leo unaogopa hatua za jirani kwenye ngazi. Hilo si kosa lako.

La "utatuvurugia mstari" ni lako. Hapo nakugombeza, tena kwa sauti. Mtoto amekuja kwa miguu yake mwenyewe kukuomba maneno ya kumtaja dada yake, jambo ambalo walimu tunalililia usiku na mchana, na wewe umemrudisha kwa paka asiyekuwepo! Mume wako msalimie, lakini amekosea. Wazazi hawatajua, ni kweli. Huyo binti atajua, na kila atakayepiga makofi atakuwa anampigia yule paka.

Kwa hiyo mstari uvunje kesho. Geuza madawati watoto watazamane wawili wawili, na weka sheria moja tu: kwenye chumba hiki tunasema la kweli. Asiye na kaka asiseme ana kaka. Utaona watakuja na maswali wenyewe, maana kila mtu ana jambo lake la kusema na hana maneno yake.

Kabla hawajaanza, wape maneno ya kujiokoa. "Sijaelewa." "Rudia taratibu tafadhali." "Hiki kinaitwaje?" "Ngoja nifikirie." Yaandike makubwa kwenye boksi lililochanwa, ubandike juu ya ubao pale wanapopenda kutazama, si umesema wanatazama juu? Basi wakitazama wakute msaada. Mtoto anayejua kuomba arudiwe haogopi tena.

Unalia huna vifaa. Nenda jikoni kwako sasa hivi, geuza pakiti ya sabuni, boksi la dawa ya meno, kopo la maziwa ya unga. Chunguza maandishi madogo ya nyuma, mara nyingi utakuta na Kifaransa kimo. Waambie watoto walete pakiti tupu za nyumbani, na hicho ndicho kitabu chako kipya, tena kila mmoja na nakala yake. Panga duka mbele ya darasa. Mmoja muuzaji, mmoja mteja msumbufu anayetaka kurudisha sabuni kwa sababu haitoi povu. Waache wagombane kwa Kifaransa. Hakuna kitu kinachomfungua mtu mdomo kama kugombania haki yake.

Siku nyingine wakae migongo imegusana, mmoja anaeleza chumba anacholala, kitanda kiko wapi, dirisha liko wapi, mwenzake anachora bila kugeuka. Wakimaliza walinganishe. Kitanda kikionekana kiko juu ya kabati darasa litacheka, na safari hii watakuwa wanajua wanachocheka. Siku nyingine kila mtoto asimulie alivyofika shuleni asubuhi, amsimulie mmoja, asogee amsimulie mwingine, kisha mwingine tena, na kila akisogea umpunguzie muda. Hadithi ni ileile lakini ulimi unazidi kuwa mwepesi, na hata yule mzito atajishangaa.

Na wewe, wakiwa wanaongea, funga mdomo! Najua mwalimu akisikia kosa anawashwa. Jikaze. Andika kiganjani, rekebisha wakimaliza, na usitaje nani amekosea. Ukimkata mtoto katikati ya sentensi, kesho hiyo sentensi haianzi.

Siku ya wazazi sasa. Nenda kwa mkuu kabla, usingoje akuone. Huna haja ya kujivua nguo mbele yake, mwambie tu: "Mkuu, nimebadilisha. Watoto watajibu maswali ya wazazi wenyewe, na watakwama mahali." Kisha wazazi waulize wanachotaka kwa lugha yao, mtoto mmoja aligeuze swali kuwa Kifaransa, mwenzake ajibu, wa tatu aturudishie jibu kwa lugha yetu. Mzazi akiona mwanawe amekwama, amekuna kichwa, amesema "ngoja nifikirie" na amejinasua, hataulizia tena faida ya somo, ataitafuta simu apige picha. Siwezi kukuahidi kwamba somo litabaki. Ratiba si yangu. Ila likiondoka, litakuwa limeondoka watoto wakiwa wanaongea.

Limebaki lile unalolikwepa. Mwalimu, yule mama alikusikia ukizima televisheni. Ndiyo, alisikia, kuta za ghorofa tunazijua. Mgeni wa watu, siku nzima anaishi kwa salamu na kuonyesha kidole dukani, mlinzi akamwambia chini yako kuna mtu mtakayeelewana naye, akashuka na matumaini yake yote, akagonga, nyumba ikanyamaza. Wewe unadhani alikuja kukusahihisha. Yeye alikuja kuongea na mtu. Makosa yako ya vitenzi hana habari nayo, na yeye akijaribu lugha yetu anakosea vibaya zaidi yako.

Panda ngazi uende kwake leo jioni. Usijiandae, usikariri. Baadaye, mkishazoeana, mwombe aje darasani awaulize watoto maswali usiyoyajua, na wakuone unavyoongea naye, unavyokwama na kuomba arudie, maana hawajawahi kumwona mtu mzima akifanya hivyo. Lakini hayo ni ya baadaye. Kesho asubuhi kabla ya kengele mwite binti wa paka, mwambie samahani, umfundishe kusema dada yake anasomea uuguzi.

Na leo nenda na mwanao, yule aliyekuuliza swali kwenye kochi. Mlango ukifunguliwa, anza na jambo moja la kweli unaloweza kulisema hata ukiwa umefumba macho. Mshike mwanao mkono useme, "Nina binti mmoja. Ni huyu."

Halafu usikimbie. Ngoja akujibu.