Mume Wangu Aliogopa, Lawama Nikabebeshwa Mimi

Mpendwa Bi. Verna, wewe unayejibu barua zetu gazetini, naomba unisikilize wewe, maana hapa kambini hakuna tena anayenisikiliza.

Mimi ni mke wa rubani wa ndege za kivita, zile zinazoruka kutoka kwenye meli, tunaishi San Diego katika nyumba za jeshi la wanamaji, na mume wangu Royce alikwenda Vietnam mwaka jana na kikosi chake, sisi wanawake tukabaki tunaishi kama ndugu, mmoja akiumwa mwingine anapika, na gari jeusi la kasisi, lile linaloleta habari za vifo, likiingia mtaani kila mmoja anachungulia dirishani akiomba lipite mlango wake, halafu anaona haya kwa dua hiyo, kwa sababu lazima lisimame kwa mtu. Mwezi wa pili Royce akarudi peke yake, meli ikiwa bado huko huko, akaniambia amehamishiwa ofisini, nami nikamshukuru Mungu wala sikuuliza kitu, nani angeuliza?

Kumbe alikuwa amevua beji yake ya mabawa, ile ya urubani, akaiweka mezani kwa kamanda, kwamba haruki tena. Nafasi yake akapewa Garland Tebbets, mcheshi wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, ambaye alikuwa amebaki nchi kavu kufundisha, na Garland hakumaliza mwezi, ndege yake ikatunguliwa, na lile gari likasimama kwa mkewe, Lorene. Nikapika bakuli la makaroni na kuku nikapeleka msibani, dada yake akalipokea mlangoni, kesho yake nikalikuta kwenye ngazi zangu halijaguswa. Simu zikakoma. Binti yangu Patsy akawa haalikwi tena kwenye sherehe za wenzake. Halafu juzi nipo kwenye foleni ya duka la kambi, Lorene akaja akasimama mbele yangu, hata sauti hakupaza, akasema, "Wewe ulimlilia mumeo akarudi. Mimi wangu sikumlilia. Ningejua kulia kunarudisha watu, shoga, ningelia mpaka nipofuke."

Bi. Verna, mimi sikumlilia mtu! Nikaenda moja kwa moja kwa Maxine, mke wa kamanda, kumuuliza maneno haya yametoka wapi, akanijibu bila hata kunikaribisha ndani: "Usijitie hamnazo. Royce mwenyewe alimwambia mume wangu kwamba umeapa kuchukua watoto na kumwacha asipoacha kuruka."

Nikamkuta Royce jikoni anakula mayai.

"Nilikulilia lini?"

Akaendelea kutafuna.

"Royce, nakuuliza. Nilikulilia lini mimi?"

Akaweka uma chini, akasema kutua melini usiku kulimshinda, mara mbili nusura aigongeshe ndege nyuma ya meli, na baada ya hapo mikono ikawa inamtetemeka kabla hata hajapanda kwenye ndege. Nikamwambia, basi si ungesema hivyo hivyo? Akasema, "Mwanamke akiogopa, watu wanamsamehe. Mwanamume akiogopa aende wapi? Vumilia, mke wangu. Yatapita." Akamalizia mayai yake.

Hayatapita. Lorene ametakiwa ahame nyumba ya jeshi, Jumamosi anarudi kwa wazazi wake Nebraska, na Ijumaa kuna ibada ya kumwombea Garland. Nimewaza kusimama kanisani niseme yote mbele ya watu. Nikisema, nimemmaliza baba wa watoto wangu. Nikinyamaza, Lorene ataondoka akijua mimi ndiye niliyemuulia mume. Nifanye nini?

Aliyebebeshwa, San Diego

JIBU

Aliyebebeshwa, nimekutumia jibu hili kwa posta kwanza, maana Jumamosi haingoji gazeti.

Pole, mama. Pole sana. Mumeo kuogopa simlaumu. Rubani ambaye mikono yake imekataa kazi akasema basi, amewapunguzia wenzake hatari. Lakini kukimbilia nyuma ya gauni lako! Hapo sina cha kumtetea.

Nawe usikae unatikisa kichwa, nina lako pia. Mume anarudi peke yake katikati ya vita, nawe huulizi? Ulijua kuna jambo, ukaona heri usilijue. Sitaki kukusikia tena ukisema "nani angeuliza." Mke angeuliza.

Kanisani usithubutu. Ijumaa ni siku ya Garland, na waliokuja kumlilia hawakuja kusikiliza kesi ya nyumbani kwako. Tena hukumuua mtu. Hata Royce hakumuua. Waliomtungua Garland unajua wako wapi, na waliomtuma huko pia unajua wako wapi, wanakunywa kahawa.

Sasa fanya hivi. Leo hii, watoto wakiwa nje, mwambie Royce aende kwa Lorene mwenyewe, mchana, akiwa hajaonja pombe, bila maua. Akifika aseme: "Mke wangu hakunililia. Nilishindwa mimi." Asiombe msamaha, maana huko ni kumwongezea mjane kazi. Akifukuzwa, aondoke. Kisha aende akamwambie Maxine maneno hayo hayo, naye ataufikishia mtaa mzima kabla ya chakula cha jioni; kwa hilo mwamini.

Akikataa, mpe mpaka Alhamisi jioni. Alisema umeapa kuchukua watoto na kumwacha. Basi safari hii apa kweli, uende kwa mama yako, na mlangoni mwa Lorene upite mwenyewe useme neno moja tu, kwamba hukumlilia mtu, uendelee na safari.

Na akienda, akarudi macho mekundu, usikimbie kumfuta machozi wala usimsifu. Mtengee chakula, ukae mbele yake, unyamaze. Yeye ndiye aanze kusema.