Askari Tuliyemjaribu

Asha mjukuu wangu,

Hapa Kabondo tuko wazima, na mama yako amepona malaria. Umeniuliza wakati wa uasi tulimtambuaje askari wa kweli. Mara nyingi hatukumtambua.

Siku moja kikundi chetu cha maigizo kilikuwa kinatafuta mtu wa kuigiza askari. Akaingia kijana ukumbini mwetu, akamwelekezea bunduki kiongozi wetu, Papa Saidi.

"Simama. Uko mutu wa serikali. Unakwenda na mimi."

Papa Saidi akadhani amekuja kujaribiwa. "Sauti iko muzuri, lakini unasema mbio. Rudia."

Kijana akatutazama, akarudia polepole.

"Bon, muzuri. Sasa sema kama mutu anaogopa kidogo."

"Mi naogopa kweli, papa."

Tulicheka sote, isipokuwa yeye.

"Kesho utakuja," Papa Saidi akamwambia. "Fasi ya askari ni yako."

Alipotoka, tulimwona akipanda lori la waasi. Papa Saidi alivuka mto kwenda kujificha Lubunga jioni hiyo hiyo.

Jirani wa ukumbi alitueleza kwamba kesho yake kijana alirudi bila bunduki, akasubiri mlangoni hadi jua likatua. Alitaka nini, sijui mpaka leo.

Usiache kutuandikia.

Babu yako